Geti Likifungwa Usiku, Nani Ana Ufunguo? Jinsi ya Kupanga Tathmini ya Hatari ya Moto Katika Jengo Lako

Katika ploti nyingi za Kaunti ya Nakuru, geti hufungwa saa nne au saa tano usiku. Ni jambo la busara, kwa sababu wezi wapo na kila mpangaji anataka kulala kwa utulivu. Lakini moto ukizuka saa nane usiku kwenye orofa ya chini, moshi ukapanda ngazi na stima ikapotea, ni nani ana ufunguo wa geti hilo? Analala wapi? Na asipopatikana, kuna njia nyingine ya kutokea?

Mwenye jengo asiyeweza kujibu maswali hayo papo hapo anahitaji tathmini ya hatari ya moto. Makala haya yanaeleza tathmini hiyo ni nini, ni nani anayewajibika, jinsi ya kuipanga, mkaguzi hutazama nini akifika, na ufanye nini ripoti ikishatoka. Yanawalenga wenye maduka, hoteli, ofisi, karakana, hosteli za wanafunzi na nyumba za kupanga, kuanzia Karagita hadi Kaptembwa, na kutoka Njokerio hadi mjini Molo. Wapangaji pia wana sehemu yao.

Funzo la mikasa iliyopita

Machi 26, 2001, wavulana 67 walikufa katika bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos. Bweni lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma.

Januari 28, 2009, moto uliteketeza duka la Nakumatt Downtown katikati ya Nairobi, mchana, watu wakiwa ndani wakinunua bidhaa. Zaidi ya watu 20 waliangamia. Siku tatu baadaye, huku kwetu Sachangwan karibu na Molo, lori la mafuta lililopinduka liliwaka na kuua zaidi ya watu 100. Wakaazi wa kaunti hii hawahitaji kuelezwa kwamba moto hausubiri mtu ajipange.

Septemba 5, 2024, wavulana 21 wa shule ya Hillside Endarasha Academy, Kaunti ya Nyeri, walipoteza maisha katika bweni walimolala wanafunzi zaidi ya 150. Mwaka mmoja kabla, Agosti 31, 2023, jengo la Usindiso mjini Johannesburg, Afrika Kusini, liliteketea na watu 76 wakafa. Lilikuwa jengo la orofa tano ambalo ndani yake watu walikuwa wamejitengea vyumba vidogo kwa mbao, maboksi na mashuka, na baadhi ya mageti yake yalikuwa yamefungwa.

Mikasa hiyo ya majengo ilitokea mahali tofauti na kwa namna tofauti. Lakini kila mara swali lililobaki baadaye lilikuwa lile lile: mbona watu hawakuweza kutoka kwa wakati? Ndiyo maana tathmini nzuri ya hatari ya moto haianzi kwa kuhesabu mitungi ya kuzimia moto. Huanza kwa kuuliza kama kila aliye ndani, pamoja na mtoto, mama mjamzito na mzee mwenye mkongojo, anaweza kufika nje salama gizani.

Aina tatu za ukaguzi, usizichanganye

Watu wengi hufikiri kwamba wakishapata karatasi moja wamemaliza. Ukweli ni kwamba kuna ukaguzi wa aina tatu, na kila mmoja una kazi yake.

*Ukaguzi wa kikosi cha zima moto cha kaunti.* Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka huduma za kuzima moto na usimamizi wa majanga mikononi mwa serikali za kaunti. Maafisa wa zima moto hutembelea jengo, hutazama kama limetimiza masharti, na likitimiza mwenyewe hupewa cheti. Ada hulipwa kulingana na Sheria ya Fedha ya kaunti. Ukaguzi huu ndio wenye biashara wengi hukutana nao wanapotafuta au kufanya upya leseni.

*Ukaguzi wa kila mwaka wa mahali pa kazi.* Huu unatokana na sheria ya kitaifa. Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za mwaka 2007, zilizo chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini, zinamtaka anayeendesha mahali pa kazi afanyiwe ukaguzi wa usalama wa moto angalau mara moja kila miezi 12. Mkaguzi ni lazima awe ameidhinishwa na Kurugenzi ya Huduma za Usalama na Afya Kazini, inayojulikana kwa kifupi kama DOSHS, iliyo chini ya wizara inayosimamia leba. Mkaguzi huyu hulipwa na wewe mwenyewe, na kazi yake ni kukuandikia ripoti kamili.

*Tathmini unayoifanya mwenyewe.* Hii haina cheti wala ada. Ni mwenye jengo, keateka na wapangaji kutembea pamoja, kuona hatari zilizopo na kuziondoa kabla hajaja mtu wa ofisi. Haichukui nafasi ya zile mbili za kwanza. Hata hivyo, ukaguzi wa mtu wa nje ni wa siku moja, na siku nyingine zote za mwaka jengo liko mikononi mwa wanaolitumia.

Ni nani anayewajibika?

Swali hili huleta mvutano kati ya mwenye jengo na mpangaji wa duka. Kanuni za mahali pa kazi humtazama anayeendesha shughuli pale. Mwenye hoteli anawajibikia jiko lake, wafanyakazi wake na mlango wake wa nyuma, hata kama jengo si lake. Mwenye jengo anawajibikia sehemu zinazotumiwa na wote: ngazi, vijia, geti, kisanduku kikuu cha umeme, tangi la maji na uwanja.

Katika majengo ambayo kila nyumba imeuzwa kwa mtu wake, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020 inaunda shirika la wamiliki. Shirika hilo ndilo husimamia sehemu za pamoja na kukata bima ya jengo. Basi ombi la tathmini lipitishwe katika mkutano wa shirika na gharama igawanywe, asiachiwe mmoja peke yake.

Jengo la makazi matupu lisilo na biashara yoyote halilengwi moja kwa moja na kanuni za mahali pa kazi. Hata hivyo, masharti ya ujenzi na mamlaka ya kaunti kuhusu usalama wa moto yanalihusu, na hakuna kinachomzuia mwenye nyumba kuomba ukaguzi. Majengo mengi mjini Nakuru, Naivasha na Gilgil yana maduka chini na vyumba vya kupanga juu. Hayo yanahitaji kutazamwa kama kitu kimoja, kwa maana moto wa dukani hupanda ngazi zile zile wanazotumia wapangaji.

Hatua za kupanga ukaguzi

1. *Andika maelezo mafupi ya jengo.* Liko wapi, lina orofa ngapi, vyumba vingapi, watu wangapi hulala ndani, biashara gani ziko chini, ngazi ngapi, mageti mangapi. Karatasi moja inatosha.

2. *Kusanya stakabadhi.* Ramani iliyoidhinishwa, kibali cha jengo kukaliwa, hati ya fundi aliyepima mfumo wa umeme, rekodi za kuhudumia mitungi ya kuzimia moto, leseni za biashara zilizomo, na ripoti ya ukaguzi uliopita ikiwa ipo. Usiahirishe ukaguzi kwa sababu karatasi moja haipo. Mwambie mkaguzi ukweli.

3. *Peleka ombi.* Kwa ukaguzi wa kaunti, fika katika kituo cha zima moto kilicho karibu nawe au ofisi ya msimamizi wa kaunti ndogo. Msimamizi wa wadi yako anaweza kukuelekeza. Peleka ombi kwa maandishi, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

4. *Ikiwa unahitaji mkaguzi aliyeidhinishwa, mchunguze kwanza.* Uliza ofisi ya DOSHS ni nani wameidhinishwa. Omba kuona idhini yake na uhakikishe haijapitwa na wakati. Muulize kama amewahi kukagua jengo la aina yako, kwa sababu kiwanda cha mbao cha Elburgon na hosteli ya wanafunzi karibu na Chuo Kikuu cha Egerton havina hatari sawa. Omba bei kutoka kwa zaidi ya mmoja. Na ujihadhari na mkaguzi ambaye pia ndiye anayeuza mitungi. Huenda kila tatizo akalipatia dawa moja tu, ile iliyo dukani mwake.

5. *Kubalianeni kwa maandishi.* Atakagua jengo lote au sehemu? Atapanda hadi paa? Ataona mfumo wa umeme? Ripoti itatoka lini? Atarudi kuthibitisha marekebisho?

6. *Waarifu wapangaji mapema.* Wape angalau wiki moja. Waeleze kwamba mkaguzi hatafuti kodi, wala hatapekua mali za mtu. Keateka awe na funguo zote siku hiyo, hasa za stoo, chumba cha mita na mlango wa paa.

7. *Lipa kwa njia rasmi.* Ada ya kaunti hulipwa kupitia mfumo wa kaunti na hutolewa risiti. Usimpe mtu pesa mkononi wala kutuma kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Afisa akija bila kitambulisho cha kazi, una haki ya kukataa asiingie hadi uthibitishe na ofisi yake.

Siku ya ukaguzi: mfano wa jengo la orofa nne

Tuchukue mfano wa jengo ambalo kila mkaazi amewahi kuliona. Chini kuna duka la vifaa vya ujenzi, hoteli na kinyozi. Orofa ya kwanza ina ofisi na fundi cherehani. Orofa tatu za juu ni vyumba vya kupanga. Ngazi ni moja. Mkaguzi mzuri atapita akiwa na maswali matano kichwani.

*Ni nini kinachoweza kuwaka?* Katika duka la vifaa ataona makopo ya rangi, thina na gundi yaliyopangwa karibu na mlango wa ngazi. Kwa fundi cherehani ataona magunia ya vipande vya vitambaa. Chini ya ngazi, magodoro ya mpangaji aliyehama na pikipiki mbili zenye petroli kwenye tangi. Kila kimoja kinaonekana kitu kidogo. Lakini ngazi ni bomba la moshi. Godoro la sponji likiwaka chini yake, moshi mweusi wenye sumu hufika orofa ya juu kabla ya wapangaji kuamka.

*Ni nini kinachoweza kuwasha?* Hapa umeme huongoza. Mkaguzi hutazama soketi moja iliyobeba ekstensheni tatu, waya zilizoungwa kwa utepe, fyuzi iliyoondolewa na mahali pake kuwekwa kipande cha waya. Fyuzi ile ni kama mlinzi: mzigo wa umeme ukizidi, hukatika ili waya zisichemke. Ukiweka waya mnene umemfukuza mlinzi. Kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA pekee.

Kisha gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo ikivuja hutulia chini, hujaa kwenye mashimo na vyumba vya chini ikingoja cheche. Mitungi ya hoteli ikae nje penye hewa, isimame wima, mbali na mitaro na moto, na mpira wake ubadilishwe unapoanza kupasuka. Anayeuza gesi anahitaji leseni ya EPRA. Usikubali mpangaji ageuze duka la jengo lako kuwa mahali pa kujazia mitungi kisiri. Mlipuko wa Embakasi, Nairobi, wa Februari 1, 2024, ulitokea mahali pa kujazia gesi pasipokuwa na kibali, katikati ya makazi ya watu. EPRA ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kibali cha ujenzi wa mahali hapo mwaka uliotangulia.

*Ni nani walio ndani?* Orofa ya tatu inaweza kuwa na bibi asiyeweza kushuka ngazi haraka, na watoto wanaofungiwa chumbani mama akiwa zamu ya usiku. Wafanyakazi wa mashamba ya maua ya Naivasha na walinzi wa usiku wanajua hali hiyo. Tathmini isiyojua watu wa jengo ni ya kuta tu.

*Watajuaje kuna moto?* Kengele, king'ora cha moshi, au hata kipande cha reli kilichoning'inizwa na kupigwa kwa nyundo, mradi kila mtu anakijua na kinasikika hadi juu. Kupiga nduru pekee hakutoshi kwa aliyelala amefunga mlango.

*Watatokaje?* Hili ndilo swali kubwa. Mkaguzi atatembea kutoka chumba cha mbali zaidi hadi barabarani, akihesabu milango na vizuizi. Je, ngazi ina mwanga stima ikipotea? Je, milango ya kutokea ya biashara inafunguka kwa nje, ili watu wakisukumana isijibane? Je, madirisha yote yana vyuma visivyofunguka? Je, mlango wa pili uligeuzwa kuwa stoo? Sheria ya Usalama na Afya Kazini inasema wazi kwamba watu wakiwa kazini, mlango wa kutokea haufai kufungwa kwa namna inayouzuia kufunguliwa kwa urahisi na papo hapo kutoka ndani.

Neno la kushika hapo ni "kutoka ndani". Mwizi yuko nje. Mpangaji yuko ndani. Kufuli inayohitaji ufunguo pande zote mbili huwafungia wote. Komeo linalofunguliwa kwa mkono kutoka ndani, lililokingwa kwa bamba la chuma ili mtu wa nje asilifikie, humzuia mwizi bila kumzuia mpangaji. Ikiwa ni lazima kufuli itumike, kila nyumba ipewe ufunguo wake, na mwingine uwekwe karibu na geti katika kisanduku chenye kioo cha kuvunjwa. Dirisha moja la kila chumba cha kulala liwe na vyuma vya kufunguka kwa ndani. Fundi wa kuchomelea vyuma yeyote mtaani anaweza kufanya kazi hiyo.

Wenye hosteli na mabweni wanaweza kujifunza kutoka kwa mwongozo wa usalama shuleni wa mwaka 2008. Unataka bweni liwe na mlango kila upande wenye upana wa angalau futi 5, unaofunguka kwa nje, madirisha yasiyo na vyuma, na nafasi ya angalau mita 1.2 kati ya vitanda.

Mwisho, mkaguzi atatoka nje na kuuliza: gari la zima moto litafika hapa? Kibanda, rundo la mawe ya ujenzi au lori lililoegeshwa usiku kwenye kichochoro linaweza kuliacha gari barabarani huku mipira ya maji haifiki. Atauliza pia tangi lina maji kiasi gani, hasa miezi ya kiangazi kati ya Januari na Machi, mifereji inapokauka na upepo wa Bonde la Ufa kuvuma.

Kuisoma ripoti

Ripoti nzuri haisemi tu "jengo lina kasoro". Inaonyesha kila kasoro, mahali ilipo, hatari yake, kinachotakiwa kufanywa, nani afanye na kufikia lini. Ikiwa ripoti yako haina tarehe wala wahusika, irudishe kwa mkaguzi aikamilishe.

Panga kazi katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la *leo*: kuondoa magodoro na pikipiki chini ya ngazi, kufungua mlango uliozibwa, kubadilisha kufuli. Fungu la pili ni la *mwezi huu*: kurekebisha waya, kununua na kuhudumia mitungi, kuweka taa za dharura na alama za njia ya kutokea, kuhamisha mitungi ya gesi. Fungu la tatu ni la *kupangiwa bajeti*: ngazi ya pili ya nje, mfumo wa kengele wa jengo zima, tangi la maji ya kuzimia moto. Kazi za ujenzi za fungu hili zinahitaji mchoro wa mtaalamu na kibali cha kaunti kabla ya kuanza.

Kwa mahali pa kazi, nakala ya ripoti ya mkaguzi aliyeidhinishwa hupelekwa DOSHS. Weka nakala nyingine pale pale kwenye jengo. Kampuni ya bima inaweza kuiitisha siku ya kudai fidia.

Kumbuka pia zoezi la kuhama jengo. Kanuni zinataka mahali pa kazi pafanye zoezi hilo angalau mara moja kila miezi 12. Kwenye nyumba za kupanga, chagueni Jumamosi moja, pigeni kengele, watu wote washuke hadi mahali pa kukutania, kisha hesabuni. Mara nyingi zoezi hufichua jambo ambalo karatasi haikulionyesha: kengele haisikiki orofa ya nne, au keateka mwenye ufunguo alikuwa ameenda dukani.

Mpangaji afanye nini?

Usingoje mwenye nyumba kwa kila jambo. Jua njia mbili za kutoka chumbani kwako. Weka ufunguo wako mahali pamoja, penye kufikiwa gizani. Usiache jiko la makaa wala mshumaa ukiwaka ukilala. Usimfungie mtoto ndani peke yake. Jirani anayeaminika ni bora kuliko kufuli. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Fungua madirisha na milango, funga mtungi, toka nje. Mafuta ya kukaangia yakishika moto, usiyamwagie maji. Zima meko na ufunike sufuria.

Ukiona hatari kwenye ngazi au geti, mwandikie mwenye nyumba au keateka, kwa barua au ujumbe wa simu, ubaki na nakala. Asipochukua hatua, fika kwa msimamizi wa wadi au kituo cha zima moto. Kwa hatari ya mahali pa kazi, ofisi ya DOSHS pia hupokea malalamishi.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Nimenunua mitungi ya kuzimia moto. Si inatosha?* Haitoshi. Mtungi husaidia moto ukiwa mdogo, na ukiwa mkononi mwa mtu aliyefunzwa. Tena aina ni lazima ilingane na moto: mtungi wa maji haufai kwa moto wa umeme wala wa mafuta. Tazama kipimo chake kila mwezi; mshale uwe kwenye kijani. Fundi auhudumie kila mwaka na kuandika tarehe.

*Duka langu ni la chumba kimoja. Nakaguliwa pia?* Mahali pa kazi ni mahali pa kazi hata pakiwa padogo, ingawa ripoti yake itakuwa fupi. Anza na maswali matano tuliyoyataja, kisha uliza kituo cha zima moto masharti ya leseni ya biashara yako.

*Nikiomba ukaguzi, si nitakuwa nimejichongea?* Kasoro nyingi hupewa muda wa kurekebishwa. Hatari ya papo hapo, kama njia pekee ya kutokea iliyozibwa, ni lazima iondolewe mara moja, na hilo ni kwa faida yako. Kasoro iliyoandikwa leo ina dawa. Ile inayogunduliwa kwenye majivu haina.

*Ukaguzi ukishafanywa, nimemaliza hadi mwaka ujao?* La. Ukibadilisha matumizi ya jengo, ukigawa vyumba, ukileta mpangaji mwenye karakana ya kuchomelea vyuma au hoteli, hatari imebadilika. Omba kibali cha kubadilisha matumizi, na uombe jengo litazamwe upya.

Nambari za kuweka ukutani

Dharura ya moto: 999, 112 au 911. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya: 1199. Hitilafu ya stima, Kenya Power: 97771. Chini yake andika nambari ya kituo cha zima moto kilicho karibu nawe, ya keateka na ya mlinzi wa usiku. Ukipiga, taja kwanza mahali: mtaa, jina la jengo, na alama inayojulikana karibu nalo. Kisha sema kinachowaka na kama kuna watu ndani. Mtume mtu barabarani awaelekeze wazima moto.

Na jioni ya leo, kabla geti halijafungwa, muulize mlinzi swali tulilolianza nalo: ufunguo uko wapi? Akichukua zaidi ya muda mfupi kujibu, basi kesho asubuhi andika ombi la ukaguzi. Tahadhari kabla ya hatari.